Mluzi wa Paundi Saba

Karakana ile ilikaa pale lami inapokata tamaa, ng'ambo kidogo ya kituo cha mafuta, kabla barabara haijaanza kupanda mlima. Uani palijaa injini zilizovuliwa, madumu ya oili chafu, na gari moja lisilo na milango ambalo mafundi walilitumia kama kabati la kutundikia nguo. Hapo alifanya kazi kwa miaka thelathini na moja mtu waliyemwita Sikio.

Jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio. Yake yalikuwa madogo, yamelala kichwani kama ya paka aliyeudhika. Alilipata kwa nondo. Wenzake walipofungua injini nzima kuutafuta ugonjwa, yeye alichukua kipande cha nondo chenye urefu wa mkono, ncha moja akaigandamiza kwenye injini inayonguruma, ya pili akaiegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Baada ya muda akasema: nozeli ya nne inakojoa dizeli. Wakifungua, ni ya nne. Madereva wa malori walizipeleka habari zake hadi mipakani na ng'ambo ya mipaka, kwa lugha tatu nne, na kila lugha ilimwongezea chumvi yake. Huko mbali kulikuwa na watu walioapa kwamba fundi huyo hujua idadi ya abiria kwa kusikiliza springi.

Jambo ambalo madereva hawakulijua, na ambalo yeye mwenyewe alikataa kulijua, ni kwamba masikio hayo yalikuwa yanakufa kuanzia juu. Sauti nzito alizipata kama zamani. Zile nyembamba ziliondoka moja moja bila kuaga. Kwanza ndege wa asubuhi, kisha birika linapoanza kuchemka, kisha mwisho wa sentensi za mke wake. Alimwambia mkewe kwamba siku hizi anakula maneno. Mkewe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumeza neno, aliudhika, akapunguza kuzungumza.

Sababu ilikuwa hatua tatu kutoka mezani kwake. Hapo ndipo alipofanyia kazi mchomeleaji, mtu mwembamba waliyemwita Cheche, pamoja na nyundo zake na grenda yake iliyolia kutwa nzima. Cheche mwenyewe alijaza pamba masikioni kila asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Kwa miaka mingi Sikio alimcheka, akimuuliza kama leo anakwenda kazini au anakwenda kuzikwa.

Binti wa Sikio alikuwa daktari wa mifugo. Kazi yake ilikuwa juu ya mlima, kwa wafugaji wa nyanda za baridi, na alipanda huko na gari refu la kizamani, lenye injini ya dizeli na magurudumu manne yanayovuta yote. Gari lilikuwa zima kila mahali, ila lilipanda kwa mwendo ambao uliwapa watoto wa njiani nafasi ya kuligusa, kulizunguka na kuligusa tena. Yeye aliliita Kobe. Tabu ilikuwa barafu. Chanjo ya ng'ombe husafiri ndani ya sanduku la barafu, na kila safari Kobe alipofika juu, barafu ilikuwa imebaki kidogo sana. Mara mbili iliyeyuka yote, akalazimika kuwarudisha wafugaji na ng'ombe wao waliotembea tangu alfajiri. Walimwambia kwa upole kwamba mara ya tatu hawatakuja.

Ndipo akamwendea baba yake na shauri la tabo. Si ile ya magari ya mashindano. Tabo ndogo, ya upepo wa chini, ya kuisukumia injini hewa kidogo tu ili isikate pumzi mlimani. Paundi saba, si zaidi. Sikio alisema upepo huo hata tairi la baiskeli lingeuona aibu, lakini macho yake yaling'aa. Kazi ya maana haikumfikia siku nyingi, na hii ilitoka kwa mwanawe.

Binti alileta na geji mbili ndani ya boksi, moja ya kupima upepo, nyingine ya kupima joto la moshi.

"Na hizi uzifunge, Baba. Nitakuwa nazitazama njiani."

"Mama, ulishaona wapi mpishi akionja mchuzi kwa rula?"

"Si wewe utakayezitazama. Ni mimi."

"Geji ni za watu wasio na masikio," alisema, na uani wote ukacheka. Boksi likaingia kwenye droo ya bolti zisizo na nati.

Kazi yenyewe aliifanya kwa siku sita, na ilikuwa kazi safi. Tabo aliitoa kwenye lori lililopinduka, akaifungua, akaiosha, akaijaribu kwa kidole mpaka panga zake zikazunguka kwa pumzi tu. Cheche alichomelea bomba jipya la eksozi. Wakavuta mpira wa oili, wakafunga kila kiungo mara mbili. Kilichobaki ni kuupima upepo, na hapo Sikio alikuwa na njia yake. Ubavuni mwa tabo kuna kijifimbo chenye skurubu ambacho hufungua kilango cha kupunguzia moshi; kikifupishwa, kilango huchelewa kufunguka na upepo hupanda. Kila tabo hupiga mluzi, na Sikio aliujua mluzi wa paundi saba kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Ni mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwenye pengo la jino.

Waliingia garini yeye na Cheche, wakaukabili mwinuko wa kwanza wa mlima. Sikio alikanyaga mafuta, akatega sikio. Kimya. Injini ilivuta vizuri, lakini mluzi hakuna. Akasimama, akazungusha skurubu mara mbili, akaongeza dizeli kidogo kwenye pampu ili iendane na upepo. Wakapanda tena. Kimya.

Cheche, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na haja ya pamba, alikuwa ameusikia tangu mzunguko wa kwanza.

"Kaka, hapo si inatosha?" aliuliza.

"Bado haijaamka," Sikio alisema.

Akazungusha tena, na dizeli tena. Safari ya nne Cheche alikuwa anauma meno kwa ukali wa ule mluzi, na ndipo Sikio naye akaupata: mwembamba, wa mbali, kama ndugu anayeita kutoka bonde la pili. Alitabasamu mpaka macho yakamlowa. Cheche aliliona hilo, akanyamaza. Alijiambia kwamba mtu huyu hajawahi kukosea.

Kwa wiki mbili Kobe alipaa. Binti alipiga simu kutoka juu kusema kwamba barafu imefika ikiwa barafu, na kwamba gari linalia kama filimbi ya refa, mbwa wa wafugaji wanabweka kabla hata hajatokea kwenye kona. Sikio alicheka. Aliichukua kuwa sifa, akaisimulia uani siku nzima.

Wiki ya tatu gari lilipanda na mzigo mkubwa, masanduku mawili ya chanjo, maana wafugaji wa bonde la pili nao walikuwa wamekubali kuja. Kona moja kabla ya kilele injini ilitoa moshi mweupe, ikapiga kishindo, ikazima. Binti alikaa barabarani tangu saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri alitia mkono ndani ya sanduku, akakuta maji ya uvuguvugu. Alifungua chupa moja moja, akazimwaga zote ardhini kwa mkono wake, kwa sababu dawa iliyokufa hapewi ng'ombe wa mtu. Wafugaji hawakumlaumu. Mwezi uliofuata walimkubali daktari mwingine, kijana anayepanda kwa pikipiki na kisanduku kidogo mgongoni.

Kobe alivutwa na lori la mchanga hadi karakana. Walipofungua, pistoni ya nne ilikuwa imeyeyuka katikati, tundu la kupitisha kidole. Sikio alipitisha kidole. Alisema ni oili ya bandia. Baadaye akasema ni dizeli yenye maji. Binti yake alipozidi kulitazama tundu lile, Sikio alisema lile ambalo uani walilikumbuka kwa muda mrefu:

"Ulikuwa unakanyaga sana."

Binti alikwenda kwenye droo, akatoa geji ya upepo. Alichukua pampu ya mkono ya tairi, akaziunganisha zote mbili na mpira wa upepo unaosukuma kile kijifimbo, akapampu polepole mafundi wote wakiangalia. Paundi saba: kilango hakikutikisika. Kumi. Kumi na nne. Kilifunguka sindano ilipogonga kumi na nane.

Sikio alimgeukia Cheche, maana ndiye aliyekuwa naye garini.

"Nilikuwa nausikia, kaka," Cheche alisema. "Tangu mzunguko wa kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Wewe ndiye Sikio."

Binti aliirudisha geji ndani ya boksi. Alimkabili baba yake, akasema taratibu, akiyatamka maneno hadi mwisho wake.

"Mama anasema ni miaka mitano humsikii. Alidhani umemchoka."

Alilipeleka gari kwa mafundi wengine, mjini, na boksi la geji akaondoka nalo. Huwa anakuja nyumbani kusalimia. Habari za Kobe hazitajwi. Nyumbani Sikio amehamisha kiti chake ili akae akiutazama mdomo wa mkewe, lakini mkewe ameshazoea kunyamaza, na mara nyingi hakuna cha kutazama.

Uani wanaendelea kumwita Sikio. Juzijuzi alifika dereva mgeni, amevuka mpaka kwa ajili yake, akaomba injini isikilizwe. Cheche alikuwa ameinama juu ya injini hiyo kabla ya hapo, kama mtu anayetafuta spana. Sikio alichukua nondo, akaigandamiza, akaiegemeza nyuma ya sikio. Siku hizi hafumbi macho. Nyuma ya bega la dereva, mchomeleaji aliinua vidole viwili.

"Nozeli ya pili," Sikio alisema.

Dereva alipiga makofi, akasema kumbe huko kwao hawadanganyi. Cheche alijaza pamba masikioni, akawasha grenda.