Mikono Iliyomnyoa Sabra

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kinondoni kabla mlinzi hajafungua geti, maana nilikuwa nimeshajiona kichwani nikichelewa na kufukuzwa. Ilikuwa nyumba ya kukodi, sebule imejaa taa na nyaya. Mwongozaji wa filamu, mama mfupi asiyependa kurudia neno, hakuniuliza habari za shahada yangu. Aliniuliza kama alikuwa amevaa hereni siku ya usaili.

"Ndiyo," nikasema. "Za shaba. Ya kushoto ilikuwa imepinda."

Akanitazama. "Wewe una wasiwasi wa kuzaliwa nao. Vizuri. Hapa wasiwasi huo utakuwa kazi."

Ndivyo nilivyopewa usimamizi wa mwendelezo. Ninyi mnaomaliza vyuo sasa mnaniuliza kazi hiyo ni ipi, basi nitawaeleza. Filamu haipigwi picha kwa mfuatano wa hadithi. Mtu anaweza kuingia mlangoni leo Kinondoni, akatokea chumbani wiki mbili baadaye Mbagala. Mtu wa mwendelezo huhakikisha kwamba kitenge ni kilekile, kimefungwa upande uleule, na jasho liko palepale. Nilikuwa na simu ya kupigia picha, na nilikuwa na woga. Woga ulisaidia zaidi.

Filamu yetu ilikuwa ya nyimbo. Nyimbo hurekodiwa kwanza studio. Siku ya kupiga picha fundi sauti huziachia kwenye spika, na mwigizaji hufuatisha kwa mdomo tu. Hadithi ilikuwa ya mwanamke wa Temeke aliyeibiwa mume na shoga aliyemkaribisha nyumbani kwake. Mume alipoondoka alimwachia neno moja: ni mweusi mno. Basi mwanamke yule akajipaka mkorogo wa kujichubua mpaka mashavu yakababuka, akashonea nywele za dukani mpaka kiunoni, hadi siku wanawake wa uani walipomkalisha kwenye kigoda, wakamnyoa, wakamwimbia arudi kwenye ngozi yake.

Nyota wetu alikuwa Sabra. Msusi wetu alikuwa da Mwaju, mwenye saluni Temeke. Pale Kinondoni tulipiga wimbo wa kusukwa, na Mwongozaji akapenda mikono ya da Mwaju kuliko ya mwigizaji yeyote. Kamera ikaisogelea mpaka ikajaa kioo kizima: hina kwenye kucha, na juu ya kidole gumba kovu la maji ya moto, limekunjika kama kipande cha mwezi. Nililipiga picha mara nyingi. Niligundua pia kwamba wawili wale hawakusemezana kabisa. Da Mwaju akitaka kichwa kiinamishwe alikisukuma kwa kitana.

Nikaanza kujiuliza kama nimemuudhi mmoja wao.

Kituo cha pili kilikuwa Vingunguti, jirani na machinjio. Ng'ombe walilia siku nzima, na hapo nikaelewa kwa nini nyimbo hurekodiwa mapema. Wakati wa chakula Mama Shani, mmoja wa wanawake waliokuja kuigiza majirani, alinivuta pembeni.

"Wee Mwendelezo, macho yote hayo na hujaona?"

"Sijaona nini, mama?"

"Huyo Sabra ndiye anayekaa na mume wa Mwaju, huko Mbezi Beach. Mwaju alimpokea kama mdogo wake, akalala chumba kimoja na watoto wake, akala kwake. Akaondoka na baba wa watoto. Sasa anaigiza eti kaibiwa yeye! Kweli mwizi akipiga kelele za mwizi hupata wa kumsaidia."

Tangu hapo sikula vizuri. Tukio la kunyolewa lilikuwa mbele yetu, na mikono ya kunyoa ilikuwa ya da Mwaju. Tena ni tukio la mara moja. Kichwa kikishanyolewa hakuna kurudia. Nikimwambia Mwongozaji, habari itamfikia Meneja Uzalishaji, mshika bajeti wetu, naye atamwondoa msusi, maana nyota haondolewi. Nikinyamaza, itakuwaje wembe ukiteleza? Niliigeuza habari ile kila upande mpaka nikaona afadhali nimuulize mwenyewe. Nilimkuta anaosha vitana.

"Shikamoo da Mwaju."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza kama nitamchinja?"

Nikaokota kitana kilichodondoka, nikampa.

"Ningetaka kuchinja, mdogo wangu, si tungemalizia hapahapa? Vifaa vipo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mie kila kitu changu kimeondoka na mtu. Kazi haijaondoka. Hiyo sitaki mtu aninyang'anye, wala siiharibu mwenyewe. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

Mbagala tulipiga picha kwenye uwanja wa nyumba ya familia, wanawake wamezunguka kigoda, beseni la maji na povu tayari. Sabra akaja, akauona wembe, akasimama.

"Huyu asininyoe."

Meneja Uzalishaji aliondoa simu sikioni. "Kuna nini tena, sista?"

"Siogopi wembe. Naogopa nywele zangu. Zikidondoka atazipeleka wapi?"

Kila mwanamke pale alijua maana yake. Nywele zako mkononi mwa adui si takataka. Da Mwaju alikuwa ameushika wembe chini, ubavuni, kama mtu aliyesahau kwamba anao.

"Haya, yaishe," Meneja akasema. "Msusi apumzike. Ita kinyozi yeyote hapo barabarani. Mikono ni mikono."

Mwongozaji alinigeukia. "Mwendelezo. Tukibadilisha mikono, itaonekana?"

Akili yangu ilikimbia mbali. Nikisema haitaonekana, da Mwaju anafukuzwa kazini mbele ya watu na yuleyule aliyemtoa kwenye ndoa. Nikisema itaonekana, nauweka wembe kwenye kile kichwa mimi mwenyewe, na damu ikitoka ni yangu. Nikatafuta jibu la katikati, sikulipata. Kazi yangu haikuwa kuamua nani ana haki. Ilikuwa kusema kilichoonekana.

"Itaonekana," nikasema. "Kovu la gumba limejaa kioo kizima kule Kinondoni. Katika hadithi aliyesuka ndiye anayenyoa, na mwenye mikono ile ni mmoja tu."

Mwongozaji akamtazama Sabra. "Umesikia. Ukae, au tufunge vyombo twende nyumbani."

Sabra akakaa.

Wimbo ukaachiwa. Mkasi ulikata nywele za dukani kwanza, kisha zake mwenyewe, kisha povu, kisha wembe. Nilikaa chini ya kamera, karibu kiasi cha kusikia wembe ukikwaruza. Spika zikafika kwenye ubeti ule: *Nilikupa ufunguo wangu, ukabadili kitasa.* Mdomo wa Sabra ukafungika. Sauti yake ikaendelea kuimba kwenye spika, na yeye amebana midomo, mabega yanatetemeka chini ya wembe. Mwongozaji alinyanyua mkono akitaka kusema kata, akausimamisha hewani.

Da Mwaju aliinama sikioni mwa Sabra. Kamera ilikuwa kwenye mikono tu. Maneno nadhani niliyasikia peke yangu.

"Tulia, usijikate. Imba, Sabra. Nikifuta povu hili, tumemalizana."

Sabra akafungua mdomo. Hakufuatisha, aliimba kweli, kwa sauti iliyokatikakatika, akipishana na spika. Wanawake wa uani wakaitikia bila kuambiwa. Wembe ukazunguka sikio, ukashuka kisogoni, ukamaliza. Maji yalimwagwa, na kichwa kikatoka cheusi, kinang'aa, bila mkwaruzo.

"Kata," akasema Mwongozaji polepole.

Hakuna aliyenyanyuka. Sote tulikuwa tunaangalia nywele chini. Da Mwaju alitandika khanga yake, akazikusanya zote, hata zilizoganda kwenye povu, akafunga fundo. Akamwekea Sabra mapajani.

"Kazifukie mwenyewe. Usije ukaumwa kichwa ukanitaja."

Akachukua vitana vyake, akaenda kunawa.

Filamu ilipokwisha, mkataba wangu nao ukaisha, nikastaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Wazazi wangu wanasema huko si kustaafu, ni kukosa kazi. Sasa nafundisha Kiswahili sekondari, na bado kabla ya kulala naangalia mlango kama umefungwa, kisha naangalia tena. Mnaoingia kazi ile, wasiwasi wenu msiuonee haya. Ila mkiulizwa mlichokiona, kisemeni.

Siku filamu ilipooneshwa nilikaa na da Mwaju. Mikono yake ilipojaa ukutani ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Safu mbili mbele yetu alikaa Sabra, peke yake, nywele zimeshaota na zimesukwa. Nilianza kuogopa: wakitoka watakutana mlangoni, itakuwaje?

Da Mwaju alinigusa goti. Nikajua naye anawaza hilohilo.

"Mwendelezo," akanong'ona, "hebu mtazame mwenzio. Nani kamsuka vile? Mistari yote imekwenda kombo."

Akarudisha macho kwenye filamu, akaendelea kula karanga zake.