Sikio la Kushoto

Binti yangu alitoka kwenye homa akiwa na miaka miwili, mzima wa mwili, kiziwi. Ilikuwa Garissa, miaka ya tisini, mto Tana umefurika na nusu ya mtaa wetu unaumwa. Mama mkwe akasema masikio yameziba tu, moto utayazibua. Akaletwa mzee mwenye msumari, akamchoma nyuma ya sikio la kulia.

Wiki ya pili mama mkwe alikuwa anatwanga mtama, mtoto amempa mgongo. Mchi ulipotua, mtoto akageuka.

"Wallahi amesikia! Muiteni mzee, limebaki la kushoto."

Mzee akaja, msumari ukatiwa kwenye makaa. Nikachukua sufuria, nikaigonga kwa mwiko wa chuma nyuma ya kisogo cha mtoto mpaka mbuzi wakatimka. Hakupepesa hata jicho. Nikaiweka chini, nikapiga sakafu ya udongo kisigino kimoja. Akageuka papo hapo.

"Anahisi kwa nyayo, hooyo. Sakafu inatetemeka. Hasikii kitu!"

"Hooyo gani? Mimi sikukuzaa. Form Four imekupa mdomo tu, adabu haikukupa."

Mzee akacheka. "Mshike kama siku ile, mwalimu."

Siku ile. Ndiyo, nilimshika mimi. Nilimbana kati ya mapaja, kichwa nikakikaza kwa mikono yangu, ngozi yake ikatatarika kama mafuta kikaangoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliwaogopa.

Mzee akamvuta mtoto mkono. Nikainua mchi nikampiga kwenye kiwiko. Mfupa ulilia. Mama mkwe akanichapa ndara mdomoni; nikalipiga teke jiko, makaa yakamwagika hadi mkekani.

"Atakayemgusa tena nitampasua kichwa!"

Na ningempasua. Hata leo ningempasua.

Mzee alitoka akiukumbatia mkono wake, ananilaani mpaka barabarani. Nikatema damu na kipande cha jino, nikamgeukia binti yangu. Alikuwa amekimbilia nje, amejibana kwenye ua wa miiba, miiba imemwingia mgongoni. Katika yote niliyoyapigia kelele kwa ajili yake hakusikia hata neno. Alichokiona ni mimi namjia.

Nilipomshika kumtoa aliniuma mkono, meno yakazama. Sikuuvuta. Nikamwacha aume mpaka achoke.