Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Zahanati yetu ilijengwa kwa ajili ya watumishi saba. Nakumbuka idadi hiyo kwa sababu siku ya ufunguzi mgeni rasmi aliitaja mara tatu, na sisi tukapiga makofi mara tatu, utadhani hao saba walikuwa wamejipanga nyuma ya jengo wakisubiri kuitwa. Walikuja wawili. Mmoja, tabibu, aliondoka mwaka wa pili kwenda masomoni, na masomo hayo hayajaisha mpaka leo. Nadhani anasomea uaskofu. Akabaki nesi Alistidia.

Baadaye aliletwa bwana mmoja wa kumsaidia. Alishuka kwenye bodaboda asubuhi, akaitazama foleni, akakitazama choo, kisha akasema amesahau vyeti vyake Biharamulo. Bado anavitafuta.

Mimi ni Mwalimu Kahangwa, mstaafu, na hapa Buganguzi najulikana kwa mambo mawili: hasira na wasifu. Mtu akifa, kabla hatujamshusha kaburini kibanjani kwake, shambani kwenye migomba yake, anayesimama kusoma historia ya maisha yake ni mimi. Nimesoma wasifu wa watu wema, na nimesoma wa wezi wa kahawa, na wote walipomaliza kupita mdomoni mwangu walikuwa wema. Ndiyo kazi ya wasifu. Aidha, mimi ni katibu wa chama chetu cha kuzikana, kwa hiyo daftari la majina ninalo mimi. Nayasema haya ili mjue mapema kwamba katika habari hii sikuwa mpita njia.

Kila mwezi nakwenda zahanati kupimwa presha, na ninayemwona akifanya kazi pale si nesi, ni kijiji kizima cha manesi ndani ya gauni moja jeupe. Alhamisi ni siku ya watoto. Utamkuta amemning'iniza mtoto kwenye mizani, bega limebana simu, mkono mmoja unaandika, na macho yako kwa mama mjamzito aliyejiinamia mlangoni. "Ndiyo mkubwa," anasema kwenye simu, "vitabu nimejaza. Kishikwambi nitakijaza nikipata mtandao." Maana kila mtoto anaandikwa mara mbili, kitabuni na kwenye kishikwambi, na mtandao wa intaneti unapatikana kwenye kichuguu kimoja tu karibu na kanisa la Walutheri. Mchana alikuwa akipanda juu ya kichuguu hicho na kunyanyua kishikwambi mbinguni. Wapita njia wageni walidhani tumepata nabii.

Chakula chake kilikuwa ndizi za jana, zimepoa, akizila kwa kusimama ndani ya stoo ya dawa. Nilimuuliza kwa nini hakai. Akasema akikaa atalala.

"Mwanangu, pumzika hata kidogo," nilimwambia siku moja.

"Nikipumzika mimi, Mwalimu, foleni haipumziki. Inakaa pale pale inaniangalia."

Mshahara wake ulikuwa wa mtu mmoja, tena mtu mdogo. Humo humo alinunua sabuni ya kudekia wodi, vocha za kutuma ripoti, na wakati mwingine nauli ya mgonjwa aliyepewa rufaa akiwa hana hata shilingi. Kilichobaki alikituma Bakoba, mjini Bukoba, kwa mama yake, kwa sababu huko ndiko alikokuwa mtoto wake, Kemilembe.

Habari ya mtoto huyo aliniambia mwenyewe. Alikuwa naye hapa mpaka alipofika miaka mitatu. Siku moja, baada ya foleni kuisha, alimtafuta asimwone, mpaka alipoinama na kumkuta amelala chini ya benchi la wagonjwa, katikati ya matope ya miguu ya watu, mwili unawaka. Ilikuwa homa ya siku mbili. Yeye, nesi, aliyekuwa amepima homa za watoto wa watu tangu asubuhi, hakuwa ameiona ya kwake. Wiki hiyo hiyo alimpeleka kwa bibi yake, na tangu hapo akawa anamwona mara moja kwa mwezi, miezi mingine hamwoni kabisa. Kila mwaka aliomba uhamisho wa kwenda mjini. Sasa bibi macho yalikuwa yamefifia, na Januari Kemilembe alikuwa anaanza darasa la kwanza. Alistidia alimwahidi kwamba siku ya kwanza atampeleka yeye, kwa mkono wake.

Sasa niwaeleze kuhusu kuzikana. Kanuni yetu ni fupi: asiyezika hazikwi. Kila msiba una majani ya kutandika ndani, kaburi la kuchimba, maji ya kuteka, na kila nyumba hutoa mtu. Jina likiitwa usiitike, unatozwa mkungu wa ndizi. Ukikosa misiba mitatu bila ruhusa, unatengwa. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuuzia maziwa, na ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Wasiojua hudhani ni ukatili. Sisi tumezika watu wengi sana katika nchi hii, miaka ile ya ugonjwa wa UKIMWI, na tulijifunza kwamba mtu hawezi kumzika mtu wake peke yake.

Alistidia alijiunga na chama mwezi wa kwanza alipofika. Mwaka huu alikosa mazishi matatu. Ya tatu yalikuwa ya mzee Kyaruzi, siku ya Alhamisi. Niliita jina la nesi mara mbili, nikasubiri, nikachora msalaba mdogo kwenye daftari.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuja kikaoni akiwa bado na viatu vya kazini. Mwenyekiti wetu, Rutashobya, mtu wa sauti nene na moyo mwepesi, alianza kwa upole.

"Nesi, tunakuheshimu. Lakini kanuni ni kanuni. Kyaruzi umemtibu miaka sita. Kafa, hukuja hata kumtupia udongo?"

Alistidia akasimama, akaanza na neno letu la heshima. "Mwenyekiti, waitu, siku ile nilikuwa na watoto arobaini na watatu wa chanjo, na mama mmoja anajifungua. Ningefunga mlango, mngenishtaki wilayani kwamba nimefunga. Sikufunga, mnanishtaki hapa kwamba sikufunga. Niambieni nyie, mlango ule niufanyeje?"

Rutashobya akalitazama daftari langu, nami nikalifunga.

"Basi msihangaike kunitenga," akaendelea. "Nimepata uhamisho. Jumamosi ya pili ya Desemba ninaondoka, naenda Bukoba kwa mwanangu."

"Mawe!" alipiga kelele mwanamke mmoja nyuma, akimwita mama kwa Kihaya, kama aliyeletewa habari ya kifo.

Mngetuona! Watu waliokuja kumtenga walimsamehe kabla hajakaa. Mikungu aliyodaiwa ikafutwa, misalaba nikaifuta mimi mwenyewe kwa ufutio. Yeye akashukuru, "Kasinge, waitu," na kabla hajamaliza kushukuru akaitwa, ameletwa mtu aliyejikata panga mguuni akifyeka. Akatoka mbio. Sisi tukabaki.

Magdalena, bibi wa rika langu ambaye hana subira na wanaume, alisema, "Mwacheni mtoto wa watu aende. Ana mwana."

"Na sisi je?" akauliza Rutashobya. "Sisi si wanawe?"

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomaliza mjadala. Kisha wote wakanigeukia mimi. "Mwalimu, andika barua."

Niseme ukweli: niliogopa. Nina presha, ninaishi peke yangu, na yule binti alikuwa akinijua mpaka dozi. Nilimfikiria nesi mwingine, au kutokuwepo nesi kabisa. Nilijua habari ya Kemilembe kuliko mtu yeyote kwenye kikao kile. Nikajiambia, mtoto ana bibi.

Niliandika alasiri ile ile, na niliandika kwa namna pekee ninayoijua, namna ya wasifu. Wasifu hausemi kwamba marehemu alichoka. Hausemi alitaka kitu akakikosa. Nikaandika: "Kwa miaka sita muuguzi huyu amefanya kazi ya watumishi saba bila kunung'unika. Hajui kuchoka. Hana mume wala mtoto hapa kijijini wa kumshughulisha, hivyo muda wake wote ni wa wananchi. Tunaomba asiondolewe kwetu." Yale maneno "hapa kijijini" niliyatia ili nisiwe mwongo. Ni ujanja wa kialimu, na siku ile niliuona ni wa kujivunia.

Nilipowasomea, watu walifuta machozi. Waliweka sahihi na dole gumba watu mia mbili na kumi na wawili. Hata Magdalena aliweka lake, maana naye ana sukari. Tukakubaliana nesi asiambiwe kitu, iwe zawadi. Rutashobya akavaa koti, akaipeleka barua kwa wakubwa, kwenye ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu mafao yangu ya uzeeni hupita jirani yake.

Wiki mbili zile Alistidia alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akitania wagonjwa. Kuku wake wawili alimpa Magdalena, sufuria kubwa akampa mlinzi wa zahanati, anayelipwa na kijiji. Nilipokwenda kupimwa, niliona kupitia mlango wa nyumba yake godoro limekunjwa na kufungwa kamba.

"Presha imepanda, Mwalimu," alisema, akinifungua kile kitambaa mkononi. "Una mawazo?"

"Ya mafao," nikamjibu.

"Usiyawaze sana. Nesi atakayekuja nitamwachia maelezo yako yote kwenye karatasi. Nimeshaandika." Akanionyesha. Ukurasa mzima, juu yake jina langu limepigiwa mstari. Nilitamani kumwambia siku ile. Nilifungua mdomo, nikauliza kama mvua itanyesha.

Jibu lilifika Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Rutashobya hakuifungua bahasha, alitaka sherehe. Tukaenda msafara: wanawake wamebeba mkungu wa ndizi na kuku mwenye kamba mguuni, sisi wanaume nyuma yao na ukimya wa watu wanaoleta jambo jema. Zahanati ilikuwa imejaa, maana watoto wa Alhamisi walikuwa hawajaisha. Alistidia alikuwa na mtoto kwenye mizani. Alipotuona alicheka.

"Mmekuja kuniaga hata kabla ya kesho?"

"Mwalimu, soma," alisema Rutashobya, akanikabidhi bahasha.

Nikaichana, nikaweka miwani, nikasoma kwa sauti yangu ya msibani, maana sina nyingine. "Ofisi imepokea maombi ya wananchi, na imeridhia kusitisha uhamisho wa muuguzi huyu ili aendelee kuwahudumia..." Hapo vigelegele vikapasuka. Kuku akaruka. Wanawake wakamzunguka nesi na mkungu wao wakiimba. Mimi, kwa kuwa mwalimu haishii katikati ya ukurasa, nikaendelea kusoma, na aliyekuwa ananisikia ni yeye tu, aliyekuwa karibu.

"Aidha, kwa kuwa imethibitika kwamba mtumishi huyu, asiye na majukumu ya kifamilia, anamudu kazi zote za kituo peke yake, watumishi wawili waliokuwa wamepangwa kuja kituoni hapo Januari kuziba nafasi yake watapelekwa penye uhitaji zaidi."

Nikaishusha karatasi. Wenzangu walikuwa bado wanaimba. Alistidia alikuwa amemshika mtoto kwenye mizani ili asibembee, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Nimeona nyuso nyingi kando ya makaburi. Sikuwahi kuona hivyo.

"Mwalimu," alisema taratibu, "nani aliandika kwamba sina mtoto?"

"Niliandika hapa kijijini," nikasema. "Soma vizuri, niliandika huna hapa kijijini."

Hakubishana. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei. Akamsomea mama uzito wa mtoto, akauandika kitabuni, akamtoa mtoto kwenye mizani. "Anayefuata," akaita. Mama mwingine akapenya katikati ya waimbaji, akaanza kumvua mwanawe nguo.

Simu yake ikaita mfukoni mwa gauni. Akaitoa, akaitazama, ikaendelea kuita mkononi mwake. Nilidhani atatoka nje kuipokea. Badala yake akaibonyeza, akaninyooshea.

"Wewe ndiye unayejua kusema, Mwalimu. Mwambie."

Nikaishika, nini kingine ningefanya. Nikaiweka sikioni huku vigelegele vikiendelea, na sauti ya mtoto mdogo, akiwa na furaha mpaka anakosa pumzi, ikaniuliza:

"Mama, kesho utafika saa ngapi?"