Makofi ya Ng'ambo

Nikisikia makofi ya watu wengi, hata yawe ya harusi, mimi kwanza hutafuta mlango. Nyumbani wameshazoea, husema Atieno na sherehe ni paka na panya. Sababu sijawahi kuwaeleza wao. Nitakueleza wewe.

Baba alikuwa na kanda moja aliyoipenda kuliko zote, ya mwimbaji maarufu wa rokenroli wa Marekani, iliyorekodiwa akiimba jukwaani mbele ya umati. Tuliishi mjini, mtaa wa Manyatta, chumba kimoja, na Jumamosi chumba kile kilinuka samaki wa kukaanga na pasi ya makaa juu ya shati la Baba. Alibonyeza kitufe cha redio kaseti, tak, na kabla hujasikia gitaa lolote ulisikia watu: maelfu wakipiga makofi na mbinja, wasichana wakilia kana kwamba wamefiwa. Baba alisimama kati ya kitanda na meza, akainama, akawapungia mkono. "Hao ni watu wangu," alituambia. Kisha aliwasengenya: "Lakini akili hawana. Mtu hupigiwa makofi akishaimba, si kabla." Mama alicheka mpaka akaweka pasi chini.

Baba alikufa nikiwa darasa la sita, tukampeleka kumzika kijijini kwao Usenge, kando ya ziwa. Siku hizo ilikuwa kawaida kurekodi hotuba za mazishi ili ndugu walio mbali nao wasikie. Kanda mpya haikupatikana. Kaka yake Baba, tuliyemwita Baba Mkubwa, alichukua ile ile ya Baba, akaziba vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili ikubali kurekodi. Mwimbaji wetu akafutwa wimbo baada ya wimbo, na mchungaji, na kwaya, na watu wa kazini.

Baba Mkubwa alizungumza mwisho. Alizungumza Kiswahili makusudi, wageni wa mjini wasikose hata neno. "Hii watoto ya ndugu yangu, kutoka leo ni yangu," alisema. "Huyu Atieno atasoma mpaka yeye mwenyewe aseme amechoka. Nasema mbele ya Mungu na mbele ya nyinyi wote." Halafu redio ikazimwa.

Kwa hiyo kwenye kanda mambo yalikwenda hivi: Baba Mkubwa anaahidi, kimya kidogo, tak, kisha ule umati wa Marekani uliosalia bila kufutwa unalipuka kwa makofi.

Kesho yake alichukua redio. Alichukua na kitanda, na baiskeli, na koti la Baba, ambalo lilimbana mabegani na bado akalivaa. Kanda alituachia, ati iwe ukumbusho. Ukumbusho wa kutazama, maana hatukuwa na cha kuichezea.

Mama alibaki Usenge, akaanza kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, ili auze. Mimi nilikuwa nikienda kwa mama mmoja muuza chai pale ufuoni, mwenye redio, nikimwomba anichezee mwisho wa kanda. Nilijua fika kwamba makofi yale ni ya ng'ambo. Lakini Baba alikuwa amesema wale ni watu wake, na mtoto ana kipimo chake: watu wa Baba wamesikia ahadi, wamekubali. Nilirudi nyumbani nikinuka omena, moyo umeshiba.

Basi shule iliponirudisha kwa kukosa karo, sikuogopa. Nilidhani Baba Mkubwa amesahau tu. Nikampelekea kanda ajikumbushe. Nilimkuta anakula na wageni. Akaitia kwenye redio ya Baba, akajisikiliza huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Makofi yalipolipuka, wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali.

"Umesikia vile wananipigia?" aliniuliza, akijifuta machozi ya kicheko. Kisha akaitoa kanda na kunirudishia. "Enda uambie mama yako akubali nimrithi, vile wazee walisema. Akikuwa bibi yangu, hapo tutaongea mambo ya shule."

Mama hakukubali. Daftari langu la hesabu liliishia katikati ya ukurasa, nami nikaenda kugeuza omena juani pamoja naye. Sikuwa nimechoka kusoma. Sijachoka mpaka leo.

Nilipopata redio yangu mwenyewe, nikiwa mtu mzima, niliicheza kanda ile tena. Kile kimya kati ya ahadi na makofi sikuwahi kukisikiliza. Utotoni nilikivumilia tu, nikiwangoja watu wa Baba. Safari hii nilirudisha nyuma, nikakisikiliza chenyewe. Mtu anakohoa. Kuku analia mbali. Mchungaji, aliyeitikia amina kwa kila msemaji, haitikii. Boma lilijaa watu waliomjua Baba Mkubwa tangu akiwa mtoto, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Baba Mkubwa nilimchukia mapema, na kumchukia hakukunipa shida. Hao wengine ndio wamenikaa kooni. Mama alikuwa amesimama mbele yao, mimi nimeshika nguo yake, na wao walijua ahadi ile ni ya mdomo tu. Walijua, wakatazama viatu vyao, wakanawa mikono, wakala.