Ndoana ya Maui Juu ya Darsait

Niliondoka Tanga kwa sababu binamu yangu Salma alikuwa anaolewa Maskati, na kwa sababu nyinyi walimu wenzangu mlikuwa mmeshanichoka. Msikatae. Tangu nilipoanza kusoma habari za Maui, shujaa wa watu wa visiwa vya Pasifiki, kila nikiingia chumba cha walimu kuna mtu anakumbuka kwamba ana kipindi. Mwalimu wa jiografia akipata jambo jipya hana breki. Salma aliponipigia simu na kuniambia, "Njoo dada, mara hii ni kweli," nikatia ndani ya begi viatu vya harusi na ramani yangu ya nyota, nikaenda zangu.

Hiyo "mara hii" ina sababu. Akdi ya Salma, yaani kufungishwa ndoa, ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, kwanza kwa msiba, kisha kwa mvua kubwa iliyofunga barabara. Mchumba wake, Khalfan, alikuwa amepata kazi Malesia, na ndege yake ilikuwa Jumapili. Akdi ikifungwa Ijumaa, Salma angeondoka naye. Isipofungwa, Khalfan angekwenda peke yake, na Salma angebaki kungoja likizo ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Ndani ya ndege kutoka Dar es Salaam nilikaa na binti wa Singida anayefanya kazi za nyumbani Maskati, anarudi kutoka likizo. Nilimweleza habari za Maui mpaka akajifanya amelala. Tulipokaribia kutua alifungua jicho moja, akasema, "Dada, ukishuka utahisi kama injini inakupulizia moto usoni. Usigeuke kutafuta injini. Ndiyo Maskati yenyewe." Niligeuka hata hivyo.

Jumatatu, Darsait, mtaa wa Maskati. Salma anakaa na Bi Zuwena katika ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani, chini yake fundi makanika na duka la simu. Bi Zuwena ni mdogo wake marehemu bibi yangu, na ndiye aliyemlea Salma tangu mama yake alipofariki. Meno yamebaki machache, na yote anayatumia kusemea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo, Tanga wameacha kupika?"

Hapo hapo nikawekewa sahani.

Jumanne mchana tulikwenda Matrah kununua hina na udi. Nilizunguka vichochoro vya soko nikinusa kila kitu mpaka mwenye duka mmoja akaniuliza kama nanunua au napumua tu. Tulirudi tumechoka, tunacheka ovyo. Baada ya sala ya isha tukapanda kwenye paa na birika la chai, Salma, Bi Zuwena na mimi. Kusini magharibi, juu ya mlima, anga ilikuwa safi. Mimi ni nani nijizuie?

"Bibi, tazama pale," nikasema. "Ile nyota nyekundu. Kisha fuata zile nyingine mpaka zinapojikunja. Unaona nini?"

"Nge," akasema Bi Zuwena papo hapo.

"Haswa! Sisi tunaona nge. Watu wa Pasifiki wanaona ndoana ya Maui!"

Nikawaeleza yote. Kwamba Maui alitupa ndoana baharini akavua nchi nzima, visiwa vikatoka majini vikitiririka maji. Kwamba wako wanaodhani hadithi ile ilikuwa njia ya mabaharia kukumbuka nyota za kufuata, kwa sababu ukisafiri siku nyingi kisha kisiwa kikachomoza kwenye upeo, ni kama kweli kuna mtu anakivuta kwa juu. Wako pia wanaosema hayo ni makisio matupu, na wote wanabishana vizuri sana. Salma alikuwa amefungua mdomo. Nilipoona nasikilizwa, jambo ambalo Tanga limenipotea siku nyingi, nikavimba kichwa.

"Na ule mwezi pale kulia," nikasema, "unasogea kila siku. Keshokutwa utaanza kuingia humo. Ijumaa utakuwa umenasa katikati ya ndoana kama samaki!"

Bi Zuwena akaweka kikombe chini.

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa hii, bibi."

"Ijumaa ya akdi, mwezi umo katika Nge?"

Nyinyi watu wa pwani mmeshaelewa. Wazee wetu hawaozi, hawasafiri, hawaanzi jambo mwezi ukiwa katika Nge. Mara mbili zilizopita mjomba wake Salma, anayemuoza, aliitazama kalenda kabla ya kupanga siku. Mara hii siku ilipangwa na tiketi ya ndege, kalenda haikutazamwa, na hakuna ambaye angejua lau si mimi na mdomo wangu.

"Khalas," akasema Bi Zuwena. "Akdi haipo. Mimi mjukuu wangu simuozi ndani ya Nge, wallahi."

Salma aliinuka akashuka ngazi. Baadaye nilimsikia akilia chumbani, akimwambia Khalfan kwenye simu kwamba dada yake kaja kutoka Tanga kuiharibu harusi kwa nyota. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini tulikuwa ghorofani.

Jumatano asubuhi Salma alikwenda kazini Wattaya, anakouza magari, macho yamevimba. Mimi nilibaki jikoni na Bi Zuwena, tukichagua mchele. Nilijaribu kila hoja. Nikamwambia nyota zile ziko mbalimbali mno, hata hazijuani, sisi ndio tunaozipanga zikawa nge.

"Hata majirani wa Darsait hawajuani," akajibu, "na wakigombana tunasikia wote."

Tukachagua mchele mpaka adhuhuri, na baada ya chakula tukaendelea, ndipo akaniuliza mwenyewe, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Huyo Maui wako, ndoana kaipata wapi?"

"Kuna masimulizi yanayosema ilikuwa taya, bibi."

"Taya la nini?"

"La bibi yake."

Mkono wake ukasimama. "Kamng'oa?"

"La, bibi. Wanasema alimpa mwenyewe. Alikuwa ajuza, na lile taya lilikuwa na nguvu kubwa. Akampa mjukuu wake, na kwa taya hilo mjukuu akavua nchi."

"Kampa mwenyewe."

"Mwenyewe."

"Na yeye akabaki vipi, hana taya?"

"Hapo hadithi haisemi."

Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, akashika taya lake kwa mikono miwili kama analipima. Kisha nikaona kwamba analia.

"Jana uliposema mwezi utakuwa katika Nge, nilishtuka," akasema. "Halafu nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema, alhamdulillahi, Salma wangu hendi. Nge nnamwogopa kweli, usidhani nasema uongo. Lakini nilifurahi."

Nilimshika mkono, nao ulikuwa umejaa vumbi la mchele.

Kidogo akajipangusa uso, akawa Bi Zuwena tena. "Sikiliza. Katika Nge haramu yetu ni kuanza. Jambo lililokwisha kuanza halizuiliwi. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Salma akitiwa hina leo, kabla jua halijazama, harusi yake imeanza leo. Jua likizama, usiku wa Alhamisi umeingia, na Nge huyo. Nenda kamlete."

"Sasa hivi?"

"La, mwakani! Nenda!"

Alasiri ilikuwa imeshapita. Salma hapokei simu akiwa na mteja, kwa hiyo nikakamata teksi mpaka Wattaya, nikaingia dukani mle kati ya magari yanayong'aa, nikihema. Nilimkuta na mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe ya dishdasha na ndevu nyeupe zaidi, anazunguka gari jeupe na kupiga magurudumu kwa ncha ya kiatu. Nilimnong'oneza Salma habari. Akanikumbatia, akapiga kelele, akakumbuka mteja, akanyoosha mtandio wake. Meneja alikuwa anatutazama kupitia kioo. Mteja haachwi.

Hapo nilimwona binamu yangu katika ufundi wake. Akamgeukia mzee, akamwambia kwa Kiarabu kitamu kwamba gari halijulikani dukani, hujulikana mlimani, na kwamba Darsait kuna mlima wa kulijaribia. Mzee akakubali. Akashika usukani mwenyewe, Salma kando yake, mimi nyuma.

Jamani, mwendo ule! Mzee alikuwa anaendesha kama amebeba trei ya mayai. Kila gari lilitupita. Jua lilikuwa limeshakuwa la rangi ya embe, linateremka mbio, nami nikamkumbuka Maui na kisa chake kingine. Nguo za mama yake zilikuwa hazikauki kwa vile jua lilikuwa linakimbia mno, basi akalitega kwa kamba, akalipiga mpaka likakubali kwenda polepole. Wengine wanadhani kisa hicho ni cha majira, zile siku za mwaka ambapo jua huonekana kama limesimama kabla ya kurudi lilikotoka. Mimi wakati huo sikutaka maana. Nilitaka kamba.

"Huyu babu mwambie akanyage mafuta," nikamwambia Salma kwa Kiswahili. "Jua linatuacha!"

"Nnajaribu breki kwanza, mwanangu," akajibu mzee, kwa Kiswahili cha Pemba kisicho na doa. "Mafuta zamu yake inakuja."

Nilitaka kushuka kwenye gari likitembea, na kwa mwendo ule nisingeumia. Salma alicheka mpaka machozi, kisha akamweleza kisa chote: akdi, Nge, hina. Mzee akageuka mzima mzima.

"Hina kabla ya magharibi? Na mnanyamaza? Yalla!"

Akakanyaga. Sijawahi kupanda mlima namna ile.

Tulipoingia mtaani kivuli kikaangukia barabara nzima, na Salma akaweka mikono kichwani. "Limezama!"

"Halijazama!" nikapiga kelele. "Limekwenda nyuma ya mlima tu! Adhana bado!"

Tulipanda ngazi tukikanyagana, mzee nyuma yetu akituhimiza. Bi Zuwena alikuwa mlangoni na bakuli la hina na majirani watatu aliowakusanya. Akaukamata mkono wa Salma, bado una ufunguo wa akiba wa gari, akautupa ufunguo kando, akasema bismillahi, akambandika hina katikati ya kiganja. Majirani wakapiga vigelegele. Havijaisha, muadhini akaanza. Tukabaki tunatazamana, kisha tukacheka wote kama wehu, na mzee akapewa kahawa na halwa. Alhamisi alimpigia Salma kusema gari analichukua, breki ni nzuri.

Ijumaa, baada ya alasiri, akdi ilifungwa. Khalfan alisema "nimekubali" kwa sauti iliyosikika mpaka upande wa wanawake. Jioni tulipanda kwenye paa, na mwezi ulikuwa pale pale nilipoutaja, ndani ya ndoana.

Jumapili waliondoka. Bi Zuwena alikataa kwenda uwanja wa ndege. Alimwombea Salma dua mlangoni, akamrekebishia mtandio mara nyingi kuliko ulivyohitaji, akafunga mlango kabla hawajafika ngazi ya chini.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kurudi. Begi likiwa tayari, nilikuwa napanga nitakachowaambia nyinyi. Nilikuwa nimetaka kujua nyota zile zina maana gani hasa, nani kasoma sawa na nani kakosea. Sasa nadhani watu waliziwekea hadithi kwa sababu waliachana sana. Anayebaki na anayekwenda wanahitaji kitu ambacho wote wawili wanaweza kukitazama. Hayo ni makisio yangu, na nyinyi mnaruhusiwa kubisha.

Baada ya magharibi Bi Zuwena aliniita kwenye paa. Alikuwa amekaa ameelekea mlimani.

"Huko aliko Salma," akasema, "hii ndoana inaonekana?"

"Inaonekana, bibi. Huko hupanda juu kuliko hapa. Ila saa zao zimetutangulia. Karibu itazama."

"Basi mpigie upesi!"

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Salma alipokea kwa sauti ya usingizi, akasema alikuwa ameshajilaza. Bi Zuwena akamwambia atoke nje. Tukasikia mlango, kisha viatu.

"Naiona, bibi," akasema Salma.

Bi Zuwena aliinua uso, mkono ukiwa kwenye taya.

"Nami nnaiona," akasema. "Shikilia hapo hapo."