Ukuta wa Posa

Nilipoolewa Kitete, enzi za Mwingereza, mama mkwe alinipa ukuta wa sebuleni niupambe kabla watu wa posa ya wifi yangu hawajafika. Alitaka maua. Nikamwitikia, "Ndiyo, mama," na nia yangu ilikuwa njema kabisa.

Ila mkono wangu haupendi kutumwa. Nilipaka mraba wa udongo mwekundu, nikarudi nyuma kuutazama, nikauona umekaa kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Nikauwekea pembetatu ya masizi ubavuni, ukatulia. Pembetatu nayo ikataka weupe. Kwa nini? Sijui. Ningejua, ningechora maua.

"Hiki ni nini?" mama mkwe aliuliza.

"Bado sijajua, mama."

"Wageni wakikicheka, nakipaka chokaa leo leo."

Wakati ule niliupenda ukuta huo kuliko mwanawe, ambaye nilikuwa ndiyo kwanza namzoea.

Wageni walifika na mtani wetu mmoja, na mtani hata msibani hafungi mdomo. Hajakaa vizuri, akauliza, "Jamani, hapa nani kamwaga uji?" Mama mkwe akaikodolea macho ndoo ya chokaa.

Hapo baba mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kunitazama usoni, aliugeukia ukuta na kuuambia, "Ni ng'ombe."

Kila mtu akamwona. Mtani alisema amekonda. Mshenga akakataa katakata: huyu ana mimba, tazameni tumbo! Wakabishana kichwa kiko upande gani hadi wali ukapoa. Kucheka wakasahau, na posa ikapita bila ubishi mwingine wowote.

Walipoondoka, mama mkwe alibaki amesimama mbele ya ukuta.

"Hapa hakuna ng'ombe," alisema.

"Hakuna, mama."

Akachovya kidole kwenye udongo mwekundu uliobaki, akasita, kisha akaweka doa moja dogo chini ya pembetatu. Mahali pale palikuwa pamenisumbua tangu asubuhi, nami sikujua panataka nini. Niliona wivu hadi machozi yakanilenga. Ukuta mzima ulikuwa umekaa sawa.

Mama mkwe aliinamisha kichwa upande, akautazama, akautazama tena.

"Kesho ukuta wa nje," alisema, "na mimi ndiye nitakayeanza."