Hakimu wa Sufuria za Watu

Mimi sikurithi sufuria ya mtu. Niliosha vyombo hotelini Dubai mpaka vidole vikachubuka, nikasomea stashahada ya upishi hukohuko kwa jasho langu, nikarudi Arusha kupikia sherehe na kujenga nyumba yangu mtaa wa Njiro. Ndiyo maana nilimdharau tu yule mpishi mwenzangu wa sherehe, wa mtaa wa Themi, alipojifanya hakimu mtandaoni. Kila harusi aliyoalikwa alipiga picha sahani na kuziponda. Pilau yangu, ambayo hakuwahi kuionja, aliiita wali wa wagonjwa. Loshoro ya sherehe moja ya kipaimara, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando kama Wameru wanavyopenda, akaiandikia, "Hii wapewe ndama." Watu wakacheka, naye akadhani kuchekesha ndiko kuaminiwa.

Kisha familia moja ya Wameru wa Akheri, huko mlimani Meru, ikatuita sote wawili. Walitaka mpishi wa harusi, na ukoo ule ukikukubali, sherehe za mlimani zote ni zako. Mwenzangu alikuja na suti.

"Shikamoo mama," akamwamkia shangazi wa bibi harusi, mwenyekiti wa kamati.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa ndama?"

Akachekelea, mjinga yule. "Kumbe mnanifuatilia!"

"Tena sana. Loshoro ile niliipika mimi."

Akababaika kusema ulikuwa utani wa mtandaoni tu.

"Huyu tukimpa kazi na wageni wakabakiza chakula," mzee mmoja akauliza, "atatuandika nini?"

"Ataandika Wameru hawajui kula!" akadakia mwingine. Kamati nzima ikaangua kicheko.

Shangazi akanigeukia. "Na wewe mama, chakula cha mwenzako unakionaje?"

"Sijakionja," nikajibu. "Nisichokionja sikisemi."

Kazi nikapewa palepale. Sikushangaa, nilijua nimesomea nini, na mdomo wangu najua kuufunga.

Yeye aliaga, akapitia uani kuelekea kwenye gari lake. Huko akina mama walikuwa wanapika chakula cha mchana cha kamati. Walipomwona tu, mmoja akavuta jani la mgomba akafunika sufuria yake. Wa pili akafunika. Wa tatu, aliyekosa jani, akavua kanga begani akaitandaza juu ya ndizi zake zinazofuka moshi.

Na simu ilikuwa bado mfukoni mwake.